Kulaza Gari Msimu wa Kusi: Kulinda Rangi Kabla ya Masika, Malindi na Lamu

Magari mengi ya Malindi hulala kati ya Aprili na Agosti. Hoteli kadhaa hufunga kwa msimu, wenye nyumba za likizo husafiri, na watu wa Lamu wanaokwenda safari ndefu huacha magari Mokowe, upande wa bara, kwa kuwa kisiwani gari halina njia. Betri ikifa hununuliwa nyingine, tairi likipungua hujazwa upepo. Rangi ikishaharibika, dawa yake ni bunduki ya fundi ya kupulizia rangi, na kazi ya mtaani ni nadra kufikia ile ya kiwandani.

Maelekezo yanayokuja na makopo mengi ya waksi yameandikwa kwa ajili ya nchi za baridi, ambako gari huwekwa ndani kwa sababu barabara za msimu wa theluji humwagiwa chumvi. Kwetu chumvi haimwagwi na mtu, upepo huileta wenyewe kutoka baharini. Kwa hiyo kazi inafanana kwa sehemu kubwa, lakini tarehe na mpangilio ni mwingine, na yapo mambo yanayofaa huko ambayo hapa huua rangi. La kwanza ni turubai la kubana.

Kinachokula rangi

Rangi yote ya kiwandani, kuanzia praima hadi juu, ina unene wa maikroni 100 hadi 150, yaani sehemu moja ya kumi ya milimita au zaidi kidogo. Safu ya juu kabisa ni klia, safu angavu isiyo na rangi, ambayo mara nyingi haifiki maikroni 50. Hiyo ndiyo inayopambana na jua. Kila unaposugua kwa kampaundi, ile polishi ya kukata, unaipunguza, na haiongezeki tena.

Mvua yenyewe si adui. Maji ya mvua ni laini, na husuuza gari bure. Tatizo ni kile kilichobaki juu ya rangi siku gari lilipolazwa. Chumvi ya kawaida, unyevu wa hewa ukizidi asilimia 75 hivi, hufyonza maji hewani na kuyeyuka yenyewe. Usiku wa kusi, unyevu hupita hapo mara kwa mara. Ndiyo maana gari lililo chini ya paa, halijaguswa na tone la mvua, bado hulala limelowa maji ya chumvi, likakauka saa sita mchana na kulowa tena usiku. Kwenye rangi nzima hilo linavumilika. Kwenye kidonda cha kokoto kilichofika kwenye bati, chumvi huingia chini ya rangi na kutu hutambaa pembeni bila kuonekana, mpaka rangi ivimbe.

Baada ya chumvi ni kinyesi cha ndege. Kunguru wa Malindi hawahitaji kutambulishwa. Kinyesi chao kina asidi, lakini madhara makubwa huja na joto: mchana klia hulainika na kutanuka, jioni hupoa na kujikunja chini ya uchafu uliokauka, ikabaki na shimo lenye umbo lilelile. Popo nao hula kungu na maembe usiku, wakadondosha makapi na kinyesi cha rangi nzito kinachotia doa.

La tatu ambalo wengi hulisahau ni chokaa. Nyumba za mawe ya matumbawe, kuta zilizopakwa chokaa, dari ya saruji inayovuja: maji yakipita humo hutoka na chokaa iliyoyeyuka, na tone likikaukia kwenye boneti huacha duara jeupe gumu. Likikaa miezi, duara hubaki hata baada ya kusafishwa.

Tarehe

Vidonda vya rangi vitibiwe mwanzoni mwa Machi. Kuosha kwa mwisho na kupaka waksi kufanyike wiki ya mwisho ya Machi, wakati wa tanga mbili, upepo ukiwa umetulia na vumbi la kaskazi limepungua. Ukingoja Aprili iingie, utakuwa unakimbizana na manyunyu.

Pengo hilo la wiki tatu nne si la starehe. Rangi mpya ya kurekebishia huendelea kutoa thina kwa takriban siku 30 baada ya kuonekana kavu. Ukiifunika kwa waksi mapema, thina hukwama, na sehemu ile hubaki laini au hupata ukungu mweupe. Kama mwezi haupo, tibu kidonda, kisha sehemu hiyo uiruke unapopaka waksi. Paneli iliyopigwa rangi nzima gereji karibuni nayo iachwe bila waksi.

Vitu vya kutayarisha

Ndoo mbili za lita 10 hadi 20, shampuu ya gari, glavu ya sufi au ya maikrofaiba ya kuoshea, vitambaa vya maikrofaiba visivyopungua sita, kikiwemo kimoja kikubwa cha kukaushia, brashi ya rimu na ya madigadi, gramu 100 za klei, ule udongo maalumu wa kusafishia rangi, siki nyeupe, mafuta ya taa kidogo, tepu ya karatasi ya mafundi rangi, waksi ya sintetiki, mililita 100 zikitosha mikono miwili, yaani kupaka mara mbili, kwa gari la saluni, sponji mbili za kupakia, vaselini, glisirini ya duka la dawa. Kwa vidonda: msasa namba 400 na namba 2000, dawa ya kugeuza kutu, praima ya epoksi na rangi yenyewe.

Usinunue sabuni ya unga ya kufulia, wala usitumie ya vyombo. Vibanda vingi vya kuosha magari huitumia kwa sababu hutoa povu jingi, lakini ni kali, huondoa waksi yote na kukausha mipira ya milango. Mahali pekee inapokubalika sabuni ya vyombo ni pale unapotaka kuondoa waksi kuukuu, mara moja, kabla ya kupaka mpya.

Maji ya kuoshea

Hili litazamwe kabla ya yote. Visima vingi vya karibu na ufuo vina maji ya chumvichumvi, na hata vile vya ndani zaidi hupita kwenye mwamba wa matumbawe na kubeba chokaa. Ukiosha gari kwa maji hayo na kuliacha likauke lenyewe, umelipaka kile unachojaribu kukiondoa. Maji ya bomba yanayotoka Baricho ni bora, na ya mvua yaliyohifadhiwa kwenye tangi ni bora kuliko yote. Kama kisima ndicho pekee ulicho nacho, oshea maji ya kisima, lakini suuza kwa ndoo tatu nne za maji ya mvua au ya bomba, ukimimina polepole kutoka juu ya paa la gari.

Kipimo rahisi: weka matone matano ya maji yako juu ya kioo cha mbele, yaache yakauke juani. Yakibakisha duara jeupe linaloonekana, hayafai kusuuzia.

Hatua ya kwanza: vidonda

Osha sehemu ya mbele ya boneti, kingo za milango, madigadi na ukingo wa chini ya milango, kisha tafuta vidonda kwa tochi ukiielekeza kwa ubavu. Gari linalopita sana barabara za murram za Mambrui, au lile lililozoea njia ya Lamu kabla haijatiwa lami yote, halikosi vichache.

Namba ya rangi usiikisie kwa macho. Kwenye Toyota iko kwenye kibati chini ya boneti, ukutani mwa injini, au kwenye nguzo ya mlango wa dereva, mstari ulioandikwa C/TR. Herufi na tarakimu tatu za mwanzo ndizo rangi. 040, kwa mfano, ni nyeupe iliyojaa kwenye Probox na Hiace. Duka la rangi za magari litachanganya kwa namba hiyo. Mililita 50 zinatosha vidonda vya gari zima na kubaki.

1. Kwa kipande kidogo cha msasa 400 kilichobandikwa kwenye ncha ya penseli, sugua ndani ya kidonda tu mpaka bati liwe jeupe. Ukiacha kutu, hata nukta, rangi yako itabanduka kabla ya Septemba.
2. Pale ambapo kutu imezama kwenye vishimo, dondosha dawa ya kugeuza kutu, subiri muda ulioandikwa kwenye chupa, kisha futa kwa kitambaa chenye unyevu na ukaushe kabisa.
3. Praima, mkono mmoja mwembamba, kwa kijiti cha kuchokolea meno au brashi nyembamba kabisa. Iache usiku kucha.
4. Rangi, mikono miwili au mitatu myembamba, ukipisha dakika 30 hadi 60. Kosa la kawaida ni kujaza kidonda kwa tone moja kubwa: juu hukauka, chini hubaki maji, na likikauka hujikunja na kupasuka katikati.
5. Klia juu yake, kama rangi ya gari ina klia. Baada ya wiki moja unaweza kulainisha kinundu kwa msasa 2000 uliolowekwa majini. Kama kinundu hakikukeri, kiache. Kinalinda vilevile.

Nyeupe ya 040 mara nyingi haina klia, ni rangi tupu. Kitambaa kikitoka cheupe ukiisugua, usishtuke, hakuna kilichoharibika.

Tahadhari moja kwa gari lililopigwa rangi mtaani: chukua kitambaa chenye thina kidogo, gusa mahali pa kujificha, mathalani ndani ya mlango wa buti. Rangi ikiyeyuka na kushika kitambaa, hiyo si rangi ya kuchanganywa na hadna, ile dawa ya kuigandisha, na haivumilii kemikali yoyote kali. Iosheni kwa shampuu, mpake waksi, basi.

Hatua ya pili: kuosha

Kabla ya saa tatu asubuhi au baada ya saa kumi na nusu jioni, kivulini. Weka kiganja kwenye boneti: ukihisi joto, ngoja. Kwenye bati la moto shampuu hukauka kabla hujaisuuza.

Anza chini. Mashine ya presha au mpira wa maji uelekezwe ndani ya madigadi, nyuma ya tairi, chini ya chesisi, na juu ya tangi la mafuta, mpaka maji yatoke bila mchanga. Gari lililowahi kushuka ufuoni kuvuta boti lipewe dakika kumi nzima hapa. Mchanga wa pwani hujificha kwenye mikunjo ya bati la madigadi na kukaa hapo na chumvi yake. Usimruhusu mtu akupulizie dizeli au oili chafu kwa chini eti kuzuia kutu: hulainisha bushi na mipira, hushika vumbi, na mvua ya kwanza huipeleka kwenye udongo wa ua wako.

Sasa safisha njia za maji. Kila mlango una matundu madogo kwenye ukingo wa chini. Yapitishie kijiti laini cha plastiki, kamwe usitumie msumari. Chini ya waipa kuna mfereji unaokusanya majani. Uinue wavu wake kama unafunguka na uzoe kila kitu kwa mkono. Majani ya mwarobaini yaliyooza humo huziba njia, maji yakasimama, na kutu ikaanza ndani ya ukuta ambako haionekani mpaka zulia la dereva linuke.

Juu ya gari, ndoo mbili: moja ya shampuu kwa kipimo cha chupa, nyingine ya maji matupu ya kusuuzia glavu. Suuza gari kwanza ili mchanga uondoke. Kisha paa, vioo, boneti, buti, nusu ya juu ya milango, na mwisho nusu ya chini. Kila paneli moja, glavu iingie kwenye maji matupu na kukamuliwa kabla ya kurudi kwenye shampuu. Angalia chini ya ndoo ya pili ukimaliza. Uchafu uliotulia pale ungekuwa mikwaruzo.

Kausha kwa kitambaa kikubwa ukikilaza na kukivuta taratibu bila kukandamiza. Fungua milango yote na buti, futa kingo. Halafu endesha gari dakika 15 hadi 20 ili breki na mikunjo ikauke kwa joto na upepo.

Hatua ya tatu: kilichoganda

Tia mkono ndani ya mfuko mwembamba wa nailoni na upitishe vidole juu ya boneti safi. Utahisi chengachenga ambazo kiganja kitupu hakizisikii. Ni vumbi la chuma kutoka kwenye breki, lami, utomvu na saruji.

Lami huondolewa kwa mafuta ya taa kwenye kitambaa, gusa na usubiri nusu dakika, futa, kisha osha mahali hapo kwa shampuu. Utomvu wa mwembe au mkorosho hulainishwa kwa spiriti ya duka la dawa. Wa mkorosho una ukali wake kwa ngozi, vaa glavu. Madoa meupe ya maji ya kisima na chokaa: siki na maji nusu kwa nusu, kitambaa kilowe, kilaze juu ya doa dakika moja au mbili, suuza kwa maji mengi. Likirudi baada ya kukauka, rudia. Likibaki baada ya mara tatu, limeshazama kwenye klia na ni kazi ya polishi.

Zilizobaki ni za klei. Kata kipande, kikande kiwe bapa, lowesha eneo la sentimita 50 kwa 50 kwa maji ya shampuu, na ukiteleze huku na huku bila nguvu. Mwanzo kitakwaruza kwa sauti ndogo, kisha kitanyamaza na kuteleza. Hapo eneo limekwisha. Kunja upande mchafu ndani. Kikianguka chini, kitupe. Usikiokote ukasema utakiosha, kwa kuwa chembe moja ya mchanga ndani yake huchora gari zima.

Polishi ya kukata usiipige kwa mazoea. Kama rangi inang'aa na mikwaruzo ni ile ya kuonekana kwa jua tu, ruka. Rangi iliyopauka, polishi laini kwa mkono inatosha. Mashine iachiwe fundi aliyeizoea, maana kwenye kingo za boneti klia huisha kwa sekunde chache.

Hatua ya nne: waksi

Waksi ya karnauba hupendeza, lakini kwa jua na mvua za hapa haitarajiwi kufika zaidi ya mwezi mmoja au miwili. Gari la kulala miezi mitano lipewe waksi ya sintetiki, ambayo chini ya paa hufika huo muda. Ukitaka ule mng'ao wa karnauba, ipake juu ya sintetiki. Kinyume chake sintetiki haishiki.

Bandika tepu ya karatasi juu ya plastiki nyeusi zote, mipira ya vioo na vishikio visivyopakwa rangi. Waksi ikikaukia kwenye plastiki yenye vinyweleo huacha weupe usiotoka kirahisi.

Weka waksi ya ukubwa wa sarafu ya shilingi kumi kwenye sponji yenye unyevu kidogo, paka paneli moja kwa mistari inayopishana. Safu iwe nyembamba kiasi cha kuonekana kwa shida. Wanaopaka nyingi hawapati kinga zaidi, wanapata kazi ya kufuta. Muda wa kukauka ulioandikwa kwenye chupa, dakika 10 au 15, ni wa hewa kavu. Malindi huweza kufika 30 au 40. Pima kwa kidole: futa mstari mmoja. Ukitoka safi, futa paneli. Ukipakaa na kufanya ukungu, subiri. Mkono wa pili upakwe baada ya saa 12 hadi 24, na gari lisinyeshewe katikati.

Usisahau pasipoonekana: kingo za milango kwa ndani, chini ya mdomo wa boneti, bati la buti lililo chini ya mpira, na ndani ya rimu. Kutu ya magari yaliyolazwa huanza huko mara nyingi zaidi kuliko juu ya paa.

Vyuma vya kung'aa, bawaba na nembo vipakwe vaselini nyembamba. Mipira ya milango ipakwe glisirini, kwa sababu vaselini huvimbisha mpira. Mafuta ya nazi, ambayo wengine huyapaka kwenye plastiki nyeusi ili iwe nyeusi zaidi, huchacha na kuvuta vumbi na sisimizi. Yabaki jikoni.

Mahali pa kulaza

Kusi huvuma kutoka kusini na kusini-mashariki. Upande wa kaskazini au kaskazini-magharibi wa nyumba ndio uliojificha, na kila hatua unayorudi nyuma kutoka ufuoni hupunguza chumvi, kwa kuwa matone makubwa ya bahari huanguka karibu.

Usilaze gari chini ya mnazi, na sababu unaijua. Mkungu na mwembe ni popo na utomvu, mkorosho ni utomvu, mvinje ni sindano zinazojaza mfereji wa waipa. Nyasi hushika unyevu chini ya chesisi. Sakafu ya saruji ni bora. Kama ni mchanga, tandaza nailoni nene kisha mbao chini ya tairi.

Banda la makuti lina hewa nzuri na kivuli kizuri, lakini makuti makuukuu huvuja maji ya rangi ya chai, na humwaga vumbi, panya na mijusi. Dawa yake ni kufunga shuka kubwa au turubai la pamba juu ya gari kwa kamba nne, lisiloligusa, nusu mita hivi kutoka paani, likiinama upande mmoja ili maji yakimbie. Hili hulinda kuliko kava yoyote inayouzwa.

Kuhusu kava zenyewe: ndani ya gereji iliyofungwa, kava ya pamba au marudufu inafaa, mradi gari ni safi na kavu. Nje, kwenye upepo, kava hupigapiga rangi usiku kucha na kila chembe ya mchanga iliyo chini yake hugeuka msasa. Turubai la nailoni ni baya zaidi. Jua hupasha hewa iliyo chini yake, unyevu wa ardhini hupanda, usiku bati hupoa na unyevu huo hugeuka kuwa maji juu ya rangi, wala hauna pa kutokea. Mwezi mmoja hivyo huleta vilengelenge na kuvu ya kijani. Kama chaguo ni nailoni au kuacha gari wazi lenye waksi mbili, acha wazi.

Kwa Mokowe, ambako mara nyingi gari hukaa kwenye uwanja wa wazi karibu na jeti, maneno hayo ya mwisho ndiyo yenu. Paka waksi mikono miwili, geuza gari liangalie kaskazini ili upepo ulipige buti badala ya mfereji wa waipa, na zungumzeni na mlinzi.

Mengine yasiyo ya rangi kwa ufupi: ondoa waya hasi wa betri, jaza tangi, ongeza upepo kidogo kwenye tairi, zuia tairi kwa mawe na uiachie hendbreki, vinginevyo viatu vya breki hushikana na ngoma.

Maagizo kwa anayebaki na gari

Mikwaruzo mingi ya gari lililolazwa hutokana na wema. Mlinzi huamka alfajiri, akachukua fulana kuukuu, akalifuta gari vumbi likiwa kavu ili mwenyewe akirudi alikute linang'aa. Siku 100 za kufutwa hivyo huacha duara za mikwaruzo zinazoonekana kila jua likipiga. Mwambieni wazi kabla ya kuondoka, na muandike kwenye karatasi ibandikwe kwenye banda:

- Usifute gari kavu, kwa kitambaa chochote, leso laini ikiwemo.
- Kila wiki mbili, kama halinyeshewi, mimina ndoo mbili za maji ya mvua au ya bomba kutoka juu ya paa lake, asubuhi. Acha likauke lenyewe.
- Kinyesi cha ndege: laza kitambaa kilicholowa juu yake dakika tano hadi kumi, kinyanyue, mimina maji. Kifanyike siku hiyohiyo.
- Siku ya jua, mara mbili kwa mwezi, fungua vioo au milango kwa saa moja.
- Ukuta ukipakwa chokaa au rangi msimu huu, gari lisogezwe kwanza.

Siku ya kulifungua

Usiliguse. Kama lina kava, ikunjwe kwanza kuelekea ndani, kutoka pembeni kuja katikati ya paa, ili vumbi libaki ndani ya mkunjo, kisha limwagie maji mengi. Kava ukiiburuta, umeharibu kazi ya miezi mitano kwa dakika moja. Osha kwa ndoo mbili kama mwanzo. Maji yakitawanyika bapa badala ya kukusanyika matone, waksi imekwisha na mkono mpya upakwe kabla ya kaskazi na vumbi lake.

Pitisha kidole kwenye kingo za chini za milango na kuzunguka vidonda ulivyovitibu. Kilengelenge kigumu kinachopasuka na kutoa unga wa kahawia ni kutu iliyoanzia chini. Usikibandue siku hiyo ukakiacha wazi. Ngoja uwe na msasa, dawa ya kutu na praima mkononi, ndipo ukipasue.